Muchezo wa Kuomba Moto

Mujukuu wangu aliniua mara saba kabla sijanywa chai. Mara ya kwanza nilikufa kwa baridi, mara ya pili kwa njaa, na zile tano zingine sikujua hata nimekufa kwa nini. Telefone ilikuwa inageuka nyeusi tu, maneno yanatokea, na yeye ananisomea: "Koko, umekufa tena." Koko ni mimi, nyanya yake. Alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, kwenye baraza yangu, mutaa wa Katoyi, na alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Mutu aliyekimbia vita mara nne kweli kweli, na hakufa hata mara moja, hawezi kufurahi kufa mara saba ndani ya telefone ya mutoto.

Ule muchezo ni yeye mwenyewe aliyekuwa anautengeneza. Alisoma mambo ya mashini za kompyuta kule universite, na ni maharagi ninayouza sokoni yaliyomusomesha. Sasa anafanya kazi na vijana wawili katika chumba kimoja kule Himbi, karibu na ziwa, mahali penye maofisi na mageti marefu. Mumoja anachora, mwingine anatengeneza sauti. Muchezo wao unahusu mama anayekimbia vita na watoto wawili. Walitaka kijana wa Kinshasa, ao wa mbali zaidi, ambaye hajawahi kukimbia hata mvua, acheze, na uzito wa ile safari umuingie.

Mwanzoni mwa muchezo, risasi zinalia, na unapewa mufuko wenye nafasi sita. Unachagua: blanketi, karatasi za shule, dawa, nguo, sufuria. Mimi nilichagua sufuria. Sufuria ikakula nafasi nne, blanketi ikakosa pa kuingia. Ndiyo juu nilikufa kwa baridi.

"Nani alikudanganya kwamba mutu anakimbia na valizi?" nikamuuliza.

"Si valizi, koko. Ni mufano tu."

"Mufano wa mutu anayepanda ndege. Na huyu mama analia nini?"

"Ameacha nyumba yake."

"Analia akiwa anatembea?"

"Ndiyo."

"Basi huyo hajawahi kubeba kitu. Ukiwa na muzigo kwa kichwa, machozi yanaziba macho, unaanguka. Unalia ukifika."

Hapo akaacha kucheka.

Niseme wazi, kwa umri wangu siogopi kusema: sipendi picha za deplase. Deplase ndilo jina wanalotuita sisi tuliokimbizwa na vita. Kila picha ni mama amekaa chini ya shitingi nyeupe, ile plastiki ya musaada, ameshika mutoto, anaangalia mbali sawa mutu aliyesahau jina lake. Mimi nilikaa chini ya shitingi. Sikuwa naangalia mbali. Nilikuwa naangalia nani anauza chumvi, nani amekosa, na mimi nitaingilia wapi. Leo niko na nyumba ya mawe, niko na meza tatu za maharagi sokoni, na hakuna mutu anayeweza kusimama akasema yeye ndiye aliyeniokota. Nilifika darasa la pili primere, nikatoka. Kuhesabu nilijifunza sokoni, kusoma nilijifunza kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Kwa hiyo mutoto akiniletea mama wa kulialia, hata kama ni mama wa kuchorwa, nitasema.

Lakini siku ile, ilikuwa siku ya pili ya juma, aliniambia jambo lililonifunga mudomo.

"Koko, siku ya Mungu, nyuma ya misa, nitawaonyesha wamama wa shirika lako."

Shirika letu ni wamama kumi na wawili wa barabara yetu, tunaosali pamoja. Hakuna hata mumoja ambaye hajawahi kubeba nyumba yake kwa kichwa.

"Wakisema ninawacheka," akaendelea, "nitafuta yote. Nimeshaapa mbele ya wenzangu."

"Yote?"

"Yote. Miaka miwili."

Kumbe wenzake walikuwa wamemukasirikia, yule wa sauti hakumusalimia siku mbili nzima. Nikamuangalia mikono. Ako na mikono yangu, minene, yenye vidole vifupi, na ilikuwa imetulia kwa magoti. Akisema kitu anakifanya. Hiyo aliirithi kwangu, na siyo zawadi nzuri. Nikaona muchezo ukibaki hivi ulivyo, na ule mufuko wa nafasi sita, wamama wataucheka mupaka chozi, naye atafuta.

Basi nikamwambia habari ya sufuria.

Tulikuwa tunaishi upande wa Rutshuru. Sisi ni watu wa Butembo, baba zetu walikuja kule kulima. Ile asubuhi nilikuwa nimeweka maharagi kwa moto. Maharagi makavu, ya zamani kidogo, na hayo hayaivi upesi. Yalikuwa yamechemuka tu, ndani yangali mawe, risasi zikaanza. Sasa ungefanya nini? Uyamwage, ni chakula cha siku mbili. Uyaache, unamuachia nani? Nikapunguza maji, nikafunga kifuniko na kitambaa, nikaweka ngata kwa kichwa na sufuria juu ya ngata. Mama yake huyu musichana, mujukuu wangu, alikuwa mugongoni, dada yake mukubwa ananishika kikwembe cha kiunoni. Bwana yangu alibeba godoro. Tukaenda.

Yale maharagi yaliivia kwenye mioto mitatu. Barabarani kulikuwa na sheria, ingawa hakuna aliyeitangaza. Ukiona mutu yuko na moto, unaomba moto, huombi chakula. Unasema, "Mama, nisaidie moto." Naye anasogeza sufuria yake, ao unangoja yake ishuke, unaweka yako. Ukiwa na kijiti unaongeza. Na hakuna anayefungua kifuniko cha mwenzake, hata harufu ikikuua. Moto ni wa wote, lakini yaliyo ndani ya sufuria ni siri yako. Kuna watu walikuwa wanachemusha maji matupu ili watoto wasinzie wakifikiri chakula kinakuja. Ndiyo juu hatukufungua.

Moto wa kwanza ulikuwa wa muzee mumoja aliyekuwa anachoma viazi kando ya barabara. Wa pili ni Kibumba, kwa mama aliyekuwa na mapacha. Wa tatu ulikuwa wangu mwenyewe, kambini Kibati. Hapo nikainuka. Nikasema maji ya chai yamechemuka, nikaingia ndani.

Mujukuu wangu hakunifuata. Aliporudi siku iliyofuata, alikuja na wale vijana wawili. Mufuko wa nafasi sita walikuwa wameutupa. Walitaka kujua sufuria ya moto inabebwa namna gani, na yule muchoraji akanyoosha karatasi ili nimuelezee. Ni kijana mupole, wa miwani, alizaliwa Himbi, na hata ile siku muji wote ulipokimbia kwa miguu, baba yake alikuwa na gari.

"Weka karatasi chini," nikamwambia. "Simama."

Nilikuwa na maharagi kwa mbabula, jiko langu la makaa, nusu yameiva. Nikafunga kifuniko, nikamupa ngata, nikamutwika. Nikamwambia aende mupaka kwa geti, arudi mupaka kwa choo, bila kugusa sufuria na mikono yote miwili.

"Mama, inaunguza!"

"Ndiyo, inaunguza. Na shingo?"

"Shingo inaingia ndani!"

"Mutoto analia mugongoni."

"Mimi sina mutoto, mama!"

Nikachukua bidoni ndogo ya maji, nikamufungia mugongoni na kikwembe. "Sasa uko naye."

Majirani walikuwa wameshapanda kwenye mawe ya ukuta. Mumoja akapiga kelele: "Papa, muke yako amekimbilia wapi?" Mwingine akajibu kwa niaba yake: "Ameona mwendo wake!" Kijana akafika kwa geti, akageuka, muchuzi ukamumwagikia shati kutoka kwa bega mupaka kwa mukanda. Lakini nitamusifu: hakuitua. Nilipomutua alikaa chini kwenye mawe, akapangusa miwani, akasema kitu kimoja tu.

"Sikuwaona hata wale waliokuwa wanacheka. Nilikuwa naona sufuria tu."

"Ndivyo," nikasema. "Sasa chora."

Wakaenda kufanya kazi sawa watu wanaofukuzwa. Nyuma ya siku moja walirudi na muchezo mupya, na nikaucheza mimi mwenyewe. Unashika telefone kwa mikono miwili, na telefone yenyewe ndiyo kichwa chako. Ukiinamisha, maharagi yanamwagika. Mbali sana unasikia watu, ngombe, risasi, lakini macho hayawezi kuondoka kwa kifuniko. Unafika kwa moto, unaomba. Yule muzee wa viazi yuko pale, na sikuwaambia kwamba alikuwa na meno mawili tu, lakini walimupa meno mawili. Nilifurahi, sitaficha. Niliwapikia bugari na sombe, ndiyo ugali na majani ya muhogo.

Walipokuwa wanakula, yule wa sauti akanielezea mwisho. Ukifika Kibati unapata moto wako mwenyewe, na watu wanakuja kukuomba wewe. "Ukimupa mutu moto, unapata alama. Ukimunyima, alama zinatoka, rangi zinafifia. Ukinyima mara tatu, umeshindwa."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini, mama?"

"Hiyo ya kupewa azabu. Itoeni."

"Lakini ndiyo mafundisho yenyewe. Mutu lazima ajue ni vibaya."

"Mafundisho ni ya padri. Nani aliwaambia kwamba mutu akinyima, kitu kinamupata?"

Sauti yangu ilikuwa imepanda kushinda nilivyotaka. Wale vijana wakamaliza sombe, wakashukuru, wakaenda. Mujukuu wangu akabaki.

"Koko, juu ya nini?"

"Juu nimesema."

"Hiyo siyo jibu."

"Basi leo haina jibu. Nenda nyumbani kwenu."

Kesho yake alikuja tena. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa chini na ungo, nachagua maharagi ya soko, natoa vijiwe na yaliyooza. Akavuta ungo wa pili, akakaa mbele yangu, akaanza kuchagua. Anachagua vizuri, upesi, hapitishi kitu. Tulimaliza nusu ya gunia. Ndipo nikamwambia, nikiangalia ungo.

Kibati kulikuwa na baridi, na kuni hakuna. Chini ni mawe meusi ya volkano, huwezi hata kuchimba shimo la choo, na ukienda kuokota kuni kwa pori unaweza usirudi. Bwana yangu alienda, akarudi na vipande vitatu. Nikawasha. Maharagi yangu yalikuwa yamebakiza kidogo tu. Akaja mama mumoja, kijana sawa mimi siku zile, mutoto mugongoni, sufuria kwa kichwa. Alikuwa amevaa koti la mwanaume, mikono ya koti ameikunja mara mbili. Akasema, "Mama, nisaidie moto." Kipande kimoja kilikuwa ndani ya moto. Viwili nilikuwa nimevikalia, chini ya kikwembe. Nikamwambia, "Kuni zimeisha."

"Akasema nini?" mujukuu wangu akauliza.

"Akasema, 'Haina shida, mama.' Akaenda."

"Na nyuma ya hapo?"

"Nyuma ya hapo maharagi yakaiva. Tukakula. Yalikuwa matamu. Nikalala vizuri, watoto wakalala vizuri. Sikumuona tena yule mama. Hakuna kilichonipata, unasikia? Hakuna rangi iliyofifia. Kama unataka kuandika, andika hivyo: alilala vizuri."

Nilifikiri atalia, ao atanikumbatia kama wanavyofanya siku hizi. Aliuliza tu, "Koti lilikuwa la rangi gani?"

"Kahawia."

Akamaliza ungo wake, akaenda Himbi.

Siku ya Mungu ikafika. Wamama wa shirika walikaa kwenye baraza yangu na nguo zao za misa, wengine kwa viti, wengine kwa benchi niliyoazima. Mujukuu wangu alisimama mbele yao, akawaambia kila kitu bila kuzunguka: ametengeneza muchezo juu ya kukimbia, wao ndio wanaojua, na wakiona ni zarau, wamwambie, atafuta leo leo mbele yao.

Wa kwanza kushika telefone alikuwa mama wa sambaza, anayeuza zile samaki ndogo za ziwa. Huyo mudomo wake unafika sokoni kabla yake. Alimwaga maharagi mara tatu kabla ya kutoka kijijini.

"Inama kidogo! Inama!" wenzake walimupigia kelele.

"Nainama wapi, hii telefone haina kiuno!"

"Wewe ndiye huna!"

Alipofika kwa muzee wa viazi walipiga vigelegele. Kumbe kila mutu alikuwa na muzee wake. Huyu anasema wake alikuwa na mbuzi, yule anasema wake alikuwa mulevi lakini mwenye roho nzuri. Nikaona mabega ya mujukuu wangu yanashuka, na mimi pia nikaanza kupumua.

Wakafika Kibati. Moto ukawaka. Akaja mama wa koti la kahawia. "Mama, nisaidie moto." Chini kulikuwa na maneno mawili ya kugusa: Weka, na, Kuni zimeisha. Mama wa sambaza aligusa upesi upesi, kwa mazoea ya sokoni. Kuni zimeisha.

"Haina shida, mama," yule akajibu, na akaenda.

Hakuna kilichotokea. Moto uliendelea kuwaka, maharagi yaliendelea kuchemuka. Yule mama alionekana tu anatembea, anapita kwa moto wa pili, wa tatu, anazidi kuwa mudogo.

"Anaenda wapi?" mama wa sambaza akauliza. "Murudishe."

"Haiwezekani, mama," mujukuu wangu akasema.

"Namna gani haiwezekani? Nilikosea!"

Hapo ndipo mukubwa wa shirika alipokohoa. Ni mama mwenye heshima, anajua masomo ya misa kwa kichwa. "Musichana," akasema, "mupaka hapa ilikuwa vizuri. Lakini hii ni matusi. Sisi hatukunyimana. Kule barabarani tulikuwa watu wa nyumba moja. Unataka watu wa mbali waseme kwamba hata sisi kwa sisi tulikuwa na roho mbaya?"

"Ni kweli," mumoja akasema. "Ni kweli kabisa," wakasema wengi. Mama wa sambaza aliweka telefone kwenye benchi, kama kitu kilichomuchoma.

Mujukuu wangu hakujitetea. Hakuniangalia hata kidogo. "Nimesikia, wamama," akasema. "Nilisema nitafuta." Akaenda mezani, akafungua mashini yake, na nilijua hafanyi muchezo.

Nikasema, "Acha."

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye wanayemuita kukiwa na matanga, naleta gunia. Mimi ndiye wanayesema amejitengeneza mwenyewe, na ninapenda wanavyosema.

"Huyo mama mwenye moto ni mimi," nikasema. "Ni Kibati. Kuni nilikuwa nazo, nilikuwa nimezikalia. Nikamwambia zimeisha. Mutoto hakutunga kitu. Kama ni matusi, ni mimi niliyewatukana, na siyo leo."

Pikipiki ikapita barabarani, ikaenda mupaka mbali. Nilijuta. Nitasema ukweli, nilijuta kabisa.

"Zilikuwa kuni ngapi?" mama wa sambaza akauliza.

"Vipande vitatu."

"Na maharagi?"

"Ya zamani."

"Aka! Vipande vitatu kwa maharagi ya zamani? Hata mimi ningemunyima! Ningemunyima na kumugeuzia mugongo."

Mutu mumoja akacheka, akaziba mudomo, kisha wengine wakashindwa kujizuia. Walipotulia, yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sijawahi kumusikia nayo, akasema: "Mimi nilikuwa na chumvi. Niliificha kwenye nepi ya mutoto, nikaapa kwa jina la Mama Maria kwamba sina." Mwingine akasema godoro: alimuambia dada wa bwana yake kwamba lina kunguni, ili asilale nalo. Mwingine akasema maji. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, na katikati ya moja na lingine watu walikuwa wanacheka, wanapigana mabega, wanaulizana habari za njia.

Mukubwa wa shirika hakusema yake. Alinyoosha mukono. "Nipe hiyo telefone. Nionyeshe pa kushika."

Mujukuu wangu akamuonyesha. Alicheza polepole, hakumwaga hata tone, kwa kuwa ni mutu wa kushika mambo vizuri. Alipofika Kibati, mama wa koti akaja, akaomba. Kidole chake kilikaa juu muda murefu, mupaka mama wa sambaza akamwambia, "Dada, unasali rozari?" Akagusa. Kuni zimeisha. Akasikiliza jibu, akamufuata yule mama kwa macho mupaka alipotoka.

"Haina shida, anasema," mukubwa wa shirika akasema. "Munasikia? Anasema haina shida."

Alibaki ameishika, na mama wa tatu akaanza kumuvuta mukono, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imekwisha. Wakaanza kugombana nani anafuata. Mujukuu wangu alikuwa bado amesimama mezani, mashini wazi mbele yake.

"Wamama," akasema. "Samahani. Nifute ao nisifute?"

Hakuna aliyemusikia. Akauliza tena, kwa nguvu. Mama wa sambaza akageuka, amekasirika kweli.

"Ufute nini? Wewe musichana, leta waya! Telefone inazimika, na mimi sijafika tena!"

Nilisimama mimi mwenyewe. Nyumba yangu iko na umeme wa jua, niliufunga mwaka juzi. Nikaingia ndani kuleta waya.